Joto Litokalo na Joto Lipandalo: Maelezo juu ya Kubanwa kwa Hewa katika Nchi ya Tabora

Neno joto katika Kiswahili limebebeshwa mizigo miwili. Mtu asemapo, "Leo joto limepanda," ana maana moja. Naye asemapo, "Funika chungu, joto lisitoke," ana maana nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara yoyote, maana msikilizaji huitambua maana kwa mahali lilipotumika neno. Lakini liko somo moja katika elimu ya fizikia ambalo haliwezi kuelezwa sawasawa mpaka mizigo hii miwili itenganishwe, nalo ni somo la kubanwa kwa hewa ambayo hali yake ya umoto haibadiliki. Mwanafunzi aambiwapo kwamba hewa ilibanwa na joto lake halikubadilika, huhitimisha mara moja kwamba hapakuwa na joto lililoingia wala lililotoka. Hitimisho hilo ni kinyume kabisa cha ukweli. Joto lilitoka, tena kwa kipimo kinachojulikana. Na lau lisingalitoka, hewa hiyo ingalipata moto.

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vimekwisha kuleta dawa ya tatizo hili, nayo ni neno halijoto, yaani ile hali inayosomwa katika kipimajoto na kuhesabiwa kwa nyuzi. Neno joto limeachiwa maana ya pili, yaani nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda kitu chenye halijoto ndogo. Pamoja na hayo limo neno kanieneo, ambalo maana yake ni kani inayosukuma juu ya kila kipande cha eneo, na neno ujazo, ambalo halihitaji maelezo. Istilahi hizi ni nzuri, lakini istilahi haimsaidii mtu aliyeikariri tu. Yapasa aione ikifanya kazi mbele ya macho yake, na katika mji wa Tabora haina haja ya kutafutwa mbali, kwa kuwa baiskeli ziko katika kila mtaa.

Fundi wa baiskeli ajazapo upepo katika gurudumu kwa haraka, baada ya muda mfupi hawezi kuishika pampu kwa chini bila kusikia moto mkononi. (Kiswahili huiita hewa iliyomo katika mpira upepo, ingawa imefungwa na haivumi, lakini mazoea ya lugha hayana kesi.) Wengi hudhani kwamba moto huo watokana na kusuguana kwa ngozi ya pampu na bomba lake. Msuguano upo, lakini kama ungekuwa ndio sababu kubwa, pampu ingepata moto sawasawa tangu juu hadi chini. Haiwi hivyo. Moto huzidi upande wa chini, mahali hasa ambapo hewa hubanwa kabla haijaingia katika mpira. Chanzo chake ni kazi ya mkono. Mkono umesukuma, hewa imesukumwa, na nishati iliyotumika haikupotea, bali imeingia katika hewa na kuipandisha halijoto.

Sasa fundi huyohuyo na asukume polepole sana, kiasi cha kwamba msukumo mmoja wachukua dakika nzima. Hapo pampu haipati moto. Je, kazi ya mkono imekwenda wapi? Haikukaa katika hewa, maana halijoto ya hewa ni ileile ya mwanzo. Imepita katika hewa na kutoka kwa njia ya chuma cha pampu, ikaingia mkononi na katika hewa ya uani. Kila chembe ya nishati iliyoingia kwa kusukumwa imetoka kwa sura ya joto, tena imetoka papo hapo, kabla halijoto haijapata nafasi ya kupanda. Huko ndiko kubanwa kwa halijoto moja.

Ili jambo hili lionekane kwa hesabu, na achukuliwe mtungi wa chuma wenye pistoni, uliojaa lita moja ya hewa ya Tabora siku ambayo kipimajoto chaonyesha nyuzi 27 za Selsiasi. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,200 hivi, na kwa hiyo kanieneo ya hewa yake ni pungufu kuliko ya pwani. Ni karibu kilopaskali 88, na ya pwani ni 101. Pistoni ikisukumwa taratibu mpaka ujazo uwe nusu lita, kanieneo ndani ya mtungi itazidi mara mbili, yaani itafika 176. Sheria hii ilitangazwa na Robert Boyle katika mwaka wa 1662, baada ya kumimina zebaki katika bomba la kioo lililopindwa na kupima jinsi hewa iliyofungiwa katika ncha yake ilivyopungua. Kazi yote iliyofanywa juu ya hewa hiyo ni jouli 61, na joto lililotoka ni jouli 61. Nishati iliyomo ndani haikuongezeka wala haikupungua.

Pistoni ikisukumwa ghafla, joto lisipate nafasi ya kutoka, mambo yawa mbali kabisa. Hewa ikifika nusu lita, halijoto yake itakuwa imepanda hadi nyuzi 120 na zaidi, na kanieneo itakuwa imezidi si mara mbili, bali zaidi ya mara mbili na nusu, kwa sababu hewa yenye moto husukuma kwa nguvu zaidi. Kazi iliyohitajika ni jouli 70. Kisha mtungi ukiachwa upoe mpaka urudi kwenye nyuzi 27, hewa yake itakuwa sawa na ile iliyobanwa taratibu, kwa ujazo, kwa kanieneo na kwa halijoto, wala hapana kipimo duniani kitakachozitofautisha. Lakini ya kwanza imegharimu jouli 61 na ya pili 70. Mwenye haraka amelipa zaidi kwa mali ileile.

Tena hesabu hiyo yaificha hasara iliyo kubwa kuliko inavyoonekana. Jouli 61 si kazi ya mkono peke yake, kwa maana hewa ya nje nayo huisukuma pistoni kwa nyuma, na mchango wake ni jouli 44 katika hali zote mbili. Kwa hiyo mkono wa mtu wa taratibu umetoa jouli 17, na mkono wa mtu wa haraka umetoa jouli 26, yaani zaidi kwa nusu. Hii ndiyo sababu mitambo mikubwa ya kushindilia hewa huibana kwa hatua, ikiipoza kwa maji au kwa upepo baina ya hatua moja na nyingine. Wahandisi hawawezi kungoja dakika nzima kwa kila msukumo, basi hutafuta kukaribia faida ya upole bila ya kuwa wapole. Dizeli ya malori yapitayo Tabora kwenda Kigoma na Mwanza hutaka kinyume chake. Humo hewa hubanwa ghafla mpaka halijoto yake hupita nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa ndani huwaka yenyewe bila ya cheche.

Iko tabia nyingine ya kubanwa kwa halijoto moja ambayo hupendeza kuitazama. Hewa ya mtungi ule ikiwa imefika nusu lita, ibanwe tena taratibu mpaka robo lita. Kazi yake ni kiasi gani? Mtu aweza kudhani kwamba ni zaidi sana, kwa kuwa sasa kanieneo ni kubwa maradufu. Mwingine aweza kudhani ni kidogo, kwa kuwa pistoni imekwenda nusu ya mwendo wa kwanza. Wote wawili wana hoja, na hoja zao husawazishana, maana nguvu imezidi mara mbili na mwendo umepungua mara mbili. Kazi ni ileile jouli 61, na ya kuipeleka kutoka robo hadi thumni ni jouli 61 nyingine. Kila kupunguza nusu ni kwa bei moja.

Hapana budi sasa kuuliza kwa nini hewa ikibanwa hupata moto hata kidogo. Hewa ni mkusanyiko wa molekuli zisizohesabika ambazo hukimbia huku na huku na kugonga kuta, na halijoto ni kipimo cha ukali wa mbio hizo. Molekuli ikigonga ukuta uliosimama hurudi kwa mwendo uleule, kwa wastani. Lakini ikigonga pistoni inayoijia hurudi kwa kasi zaidi, kama mpira wa miguu unaokutana na mguu uliokuwa ukienda mbele. Basi pistoni inayosogea ndiyo inayoziongezea molekuli kasi, na kuta za mtungi, zikiwa na halijoto ya nje, ndizo zinazozipunguzia. Pistoni ikienda taratibu, kuta huwahi kuchukua kila kilichozidi. Ikienda kwa haraka, kuta hazifui dafu. Wala siri ya upole haimo katika hewa yenyewe, bali imo katika mashindano baina ya mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Katika mwaka wa 1845 James Joule, Mwingereza wa Manchester, alitangaza majaribio ambayo yalilithibitisha jambo hili kwa vipimo. Alishindilia hewa katika chombo cha shaba kilichozamishwa majini, akapima jinsi maji yalivyopata moto, akalinganisha na kazi iliyotumika. Katika majaribio hayohayo aliunganisha vyombo viwili, kimoja kimejaa hewa iliyobanwa na cha pili kitupu kabisa, vyote viwili vikiwa majini. Alipofungua njia hewa ikaenea katika vyombo vyote viwili, na halijoto ya maji kwa jumla haikubadilika. Maana yake ni kubwa. Hewa iliyojikunyata na hewa iliyojinyosha, halijoto zikiwa sawa, zina nishati sawa ndani yake. (Vipimo vya baadaye vilivyo vikali zaidi vilionyesha tofauti ndogo mno, kwa sababu molekuli huvutana kidogo, lakini kwa hewa ya kawaida tofauti hiyo si ya kuhesabiwa.)

Hapa yazuka fumbo ambalo huwasumbua hata wanafunzi walioendelea. Ikiwa hewa iliyobanwa katika mtungi haina nishati zaidi kuliko hewa iliyo nje, mbona yaweza kufanya kazi na ile ya nje haiwezi? Gurudumu likipasuka hutoa kishindo, na mtungi ukifunguliwa huweza kuzungusha mashine. Nishati hiyo yatoka wapi, kama ile iliyotiwa ilikwisha kutoka kwa sura ya joto? Jibu ni kwamba, hewa ikiachwa ijinyoshe taratibu, huvuta joto kutoka katika mazingira na kuligeuza kuwa kazi. Jouli 61 zilizotoka huitwa zirudi. Kilichowekwa akiba ndani ya mtungi ni nafasi ya kuitumia nishati, maana molekuli zimezuiliwa katika nusu lita, nazo zikipewa njia zitaenea. Wataalamu hukipima kipimo hiki cha mtawanyiko kwa jina la entropia. Hewa ikibanwa kwa halijoto moja entropia yake hupungua, na ya mazingira huzidi kwa kadiri ya joto yaliyolipokea. Katika kubanwa taratibu kupungua na kuzidi huku huwa sawa kabisa. Katika kubanwa kwa haraka mazingira hupata zaidi, na zile jouli 9 za ziada hazirudi tena. Mfaransa Sadi Carnot aliitumia hatua hii ya kubanwa kwa halijoto moja katika kitabu chake cha mwaka wa 1824 juu ya nguvu za moto, kabla hata jina la elimu hii halijapatikana.

Upole huo ambao mkono wa mtu hauwezi kuutimiza ulitimizwa zamani katika nchi hiihii na miguu ya wapagazi. Njia ya misafara ilianza Bagamoyo na vituo vingine vya mrima, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora na Kwihara, kisha ikashuka upande wa Malagarasi hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani katika mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba. Waliondoka tena katika Desemba, wakafika Ujiji katika Februari 1858. Ziwa Tanganyika liko juu ya bahari kwa meta 770 hivi. Basi msafara utokao Tabora huteremka zaidi ya meta 400, na uzito wa hewa iliyo juu ya vichwa vya watu huongezeka siku kwa siku bila ya mtu yeyote kuutambua.

Na iwe kwamba mpagazi mmoja, huko Bagamoyo, amefunga lita 10 za hewa katika kiriba kilicholegea, kisichovuja, ambacho ngozi yake haivutiki bali hujikunja na kujikunjua tu. (Kiriba kisichovuja kwa miezi minane ni kiriba cha mfano, hakijapata kutengenezwa.) Hewa yake ikipimwa kila kituo wakati ambapo halijoto ni nyuzi 27, itaonekana kwamba Tabora kiriba kimevimba hadi lita 11 na nusu, na Ujiji kimepungua hadi lita 11. Tangu Tabora hadi Ujiji hewa ya nje imekibana kiriba hicho, nayo imefanya kazi ya jouli 50 na zaidi kidogo. Joto la kiasi hichohicho limetoka katika ngozi kwa muda wa majuma mengi. Hapana mkono uwezao kulisikia, wala kipimajoto kiwezacho kulionyesha, maana jua la mchana na baridi ya usiku vimekitia na kukitoa kiriba hicho joto lililo nyingi mara elfu. Hata hivyo limetoka. Kama kiriba kingetupwa chini kwa ghafla toka kimo cha Tabora hadi kimo cha ziwa, hewa yake ingepanda halijoto kwa nyuzi 4 hivi. Ndiyo sababu upepo unaoteremka milima kwa kasi hufika bondeni ukiwa na moto.

Wasafiri wale wenyewe walikuwa wakipima kanieneo ya nchi kwa kuchemsha maji, kwa kuwa kadiri kanieneo inavyopungua ndivyo maji yanavyochemka kwa halijoto ndogo. Tabora maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Lakini hesabu ya Speke ililiweka Ziwa Tanganyika kwenye futi 1,844, yaani meta 560 tu, na kosa hilo lililotokana na kipimajoto kibovu liliingia katika mabishano makali ya Wazungu juu ya chanzo cha mto Nili. Kosa la nyuzi moja lilitosha kuliteremsha ziwa zima meta 200.

Mtu aweza kudhani kwamba mfano ulio bora kuliko baiskeli na kiriba ungepatikana katika mivukuto ya wahunzi, maana majembe ya chuma ya Wasumbwa na Warongo yalikuwa mali ya kuheshimiwa katika Unyamwezi na yaliuzwa masokoni na kutolewa mahari. Kwa bahati mbaya mfano huo haufai. Mvukuto una mdomo ulio wazi, na hewa hutoka kabla ya kubanwa kwa kiasi cha maana. Makaa hupata moto kwa sababu ya oksijeni inayoletwa upya kila pulizo, wala si kwa sababu ya hewa kubanwa. Afadhali mwalimu auache mvukuto katika somo la kuungua.

Turudie hatua moja nyuma, kwenye lugha. Imekwisha semwa kwamba neno joto lina maana mbili, lakini vitenzi vyake havichanganyiki. Joto linaloingia, linalotoka, linalopotea, linalohifadhiwa, ni nishati inayohama. Joto linalopanda, linaloshuka, linalofika nyuzi kadhaa, ni halijoto. Msemaji wa Tabora ambaye hajaingia darasa lolote la fizikia hasemi kwamba joto la chungu limefunikwa lisishuke nje, husema lisitoke. Wala hasemi kwamba joto la mgonjwa limeingia nyuzi 39; husema limefika au limepanda. Tofauti ambayo Joseph Black, profesa wa Scotland, aliwafundisha wanafunzi wake katika miaka ya 1760 kwa taabu kubwa, mwenye kusema Kiswahili anayo katika vitenzi vyake bila ya kujua kwamba anayo.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mwalimu. Mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za serikali hupokea sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari huipokea kwa Kiingereza, na kati ya lugha mbili hizo maneno mengi huanguka njiani. Akipewa neno halijoto pekee kama tafsiri ya neno la kigeni, atalikariri na kulisahau. Lakini akiulizwa kwanza, "Joto hili ni la kutoka au ni la kupanda?", ataweza kujibu kwa masikio yake mwenyewe, na baadaye atakapopewa neno halijoto atalipokea kama jina la kitu anachokijua. Sentensi iliyo ngumu sana katika somo hili, kwamba hewa ilibanwa, joto likatoka na halijoto ikabaki ileile, haitakuwa tena na mgongano ndani yake.

Libaki neno kipimajoto, ambalo kwa haki lingeitwa kipimahalijoto, kwa sababu hakipimi joto hata kidogo: kikiwekwa katika kikombe cha chai na katika sufuria ya chai ileile kitasoma namba moja, ingawa joto lililomo katika sufuria ni nyingi mara kumi. Lakini neno hilo limekwisha kuenea mahospitalini na madukani, na hapana atakayelibadili. Mwalimu atalazimika kulieleza kila mwaka.